Hesabu za maneno za wastani na asilimia: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa sekondari Uganda

Mwaka 2020 Uganda ilianza kutumia mtaala mpya wa sekondari ya chini, na mwaka 2024 watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo wakafanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza sekondari ya chini. Tangu hapo hisabati imekuwa hadithi. Mara nyingi mwanafunzi wa S.4 (mwaka wa nne wa sekondari) hapewi mlinganyo mtupu autatue; anapewa mkulima wa kahawa, mama mwenye duka au kikundi cha akiba, kisha anaambiwa awasaidie kuamua. Ninaupenda mtindo huu kwa sababu ndivyo hesabu zinavyotujia maishani. Lakini unawaumiza wanafunzi wengi wanaojua kanuni zote kwa moyo na bado wanakwama kwenye mstari wa kwanza.

Kwenye maswali ya wastani na ya asilimia, kukwama huko karibu kila mara kuna chanzo kimoja. Mwanafunzi anaushika wastani wenyewe, anaujumlisha na kuugawanya, ilhali wastani haujumlishwi hivihivi. Kinachojumlishwa ni jumla iliyo nyuma yake. Vivyo hivyo anaishika asilimia 20 kana kwamba ni kiasi, ilhali asilimia 20 si kitu mpaka useme ni ya nini. Mwongozo huu umejengwa juu ya hatua mbili tu: geuza kila wastani uwe jumla, na geuza kila badiliko la asilimia liwe kizidishi cha kiasi cha mwanzo. Ukizifanya hizo kabla ya jambo jingine lolote, aljebra inayobaki ni ya S.2.

## Kabla ya mlinganyo

Soma swali mara mbili. Mara ya kwanza lisome kama hadithi, bila kuwinda namba. Karatasi ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huja kwa Kiingereza, na wengi wetu huku Arua, Koboko, Busia au Bombo biashara tunaifikiri kwa lugha nyingine. Basi jisimulie hadithi hiyo kwa lugha unayoitumia sokoni: nani alikuwa na nini, kikatokea nini, sasa anataka kujua nini. Ukishindwa kuisimulia, hujaielewa bado, na kuanza kuandika x hakutasaidia.

Mara ya pili soma ukitafuta kitu kimoja: swali linauliza nini hasa? Kitu hicho kipe herufi, na uandike kwa maneno herufi hiyo inasimamia nini pamoja na kipimo chake. "x ni bei" haitoshi. Andika "x ni bei ya kilo moja kabla ya kupanda, kwa shilingi". Hayo maneno "kabla ya kupanda" yanaonekana ya ziada, lakini nusu ya makosa ya asilimia yangezuiwa na maneno ya namna hiyo.

Mlinganyo wenyewe unatoka wapi? Unatoka kwenye kitu unachoweza kukihesabu kwa njia mbili. Jumla ya alama inaweza kupatikana kwa kujumlisha alama moja moja, na inaweza kupatikana kwa kuzidisha wastani kwa idadi. Bei mpya imetajwa kwenye swali, na pia inapatikana kwa kuzidisha bei ya zamani. Mlinganyo ni kauli kwamba njia hizo mbili zimefika mahali pamoja. Kwa hiyo usijiulize "nitumie kanuni gani?" Jiulize "ni kitu gani hapa ninachoweza kukihesabu mara mbili?"

## Wastani: rudi kwenye jumla

Kila aliyepita P.7 (darasa la saba la msingi) anajua kwamba wastani ni jumla kugawanya kwa idadi. Kwenye hesabu za maneno tunaitumia zaidi kanuni hiyo ikiwa imepinduliwa:

jumla = wastani × idadi

Chukua swali hili. Amina amefanya majaribio manne ya hisabati na kupata 62, 71, 58 na 69. Anataka wastani wa majaribio matano uwe 68. Anahitaji alama ngapi kwenye la tano?

Tuseme x ni alama za jaribio la tano. Wastani wa 68 kwa majaribio 5 maana yake ni jumla ya 68 × 5 = 340. Jumla hiyohiyo, kwa njia ya pili, ni 62 + 71 + 58 + 69 + x, yaani 260 + x. Kwa hiyo:

260 + x = 340
x = 80

Sasa tuseme Amina anataka wastani wa 74. Jumla inayotakiwa ni 370, na x inatoka 110. Jaribio lina alama 100. Mlinganyo haujakosea hata kidogo. Unamwambia Amina kwamba lengo hilo limeshapita. Hata akipata 100 kamili, jumla yake ni 360 na wastani ni 72. Jibu la kuandika ni "haiwezekani, wastani wa juu kabisa anaoweza kufikia ni 72". Mwanafunzi anayeandika x = 110 akapiga mstari chini yake ameacha hadithi njiani, na maswali ya mtaala mpya yanapima jambo hilohilo: je, jibu lako lina maana kwa huyo mtu aliyeuliza?

Aina ya pili ni ya kubadilishana. Teksi, yaani basi dogo la abiria, ina abiria 14. Abiria mmoja wa kilo 61 anashuka, mwingine anapanda, na wastani wa uzito wa abiria unapanda kwa nusu kilo. Aliyepanda ana uzito gani?

Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wastani wa mwanzo haukutajwa. Hauhitajiki. Wastani umepanda kwa 0.5, na watu ni 14 kabla na baada, kwa hiyo jumla imepanda kwa 0.5 × 14 = 7. Jumla hiyo imebadilika kwa sababu moja tu: ametoka mtu wa kilo 61 na ameingia mtu wa kilo w.

w − 61 = 7
w = 68

Ukipenda kuhakikisha, uite wastani wa mwanzo m na uandike mlinganyo mzima: 14m − 61 + w = 14(m + 0.5). Fungua mabano na 14m itajifuta pande zote mbili. Herufi inayojifuta ni ya kawaida kwenye maswali haya, usiogope kuiweka.

Aina ya tatu ndiyo inayoangusha watu wengi: kuunganisha makundi mawili. Mkondo wa Mashariki una wanafunzi 40, wastani wao ni alama 54. Mkondo wa Magharibi una wanafunzi 60, wastani ni 64. Wastani wa wote ni upi? Anayejumlisha 54 na 64 na kugawanya kwa 2 anapata 59, na amekosea. Rudi kwenye jumla: 40 × 54 = 2,160, na 60 × 64 = 3,840. Pamoja ni 6,000, kwa wanafunzi 100, wastani ni 60. Kundi kubwa limeuvuta wastani upande wake. Njia ya mkato ya 59 ni sahihi pale tu idadi za makundi zinapolingana.

Mtihani hupenda kuligeuza swali hilo. Darasa lina wanafunzi 48. Wastani wa wasichana ni 66, wa wavulana ni 58, wa darasa zima ni 61. Wasichana ni wangapi?

Tuseme g ni idadi ya wasichana. Wavulana basi ni 48 − g. Kitu cha kuhesabu kwa njia mbili ni jumla ya alama za darasa:

66g + 58(48 − g) = 61 × 48
66g + 2,784 − 58g = 2,928
8g = 144
g = 18

Hakiki ndani ya hadithi, si ndani ya mlinganyo: wasichana 18 kwa 66 ni 1,188, wavulana 30 kwa 58 ni 1,740, jumla 2,928, gawanya kwa 48, ni 61. Tazama pia kabla hujahesabu chochote kwamba 61 iko karibu zaidi na 58 kuliko 66, kwa hiyo wavulana lazima wawe wengi. Kama ungepata g = 30, macho tu yangekwambia umekosea mahali.

## Mwendo wa wastani: mtego wa barabara ya Jinja

Mwendo wa wastani ni wastani kama wengine, ila "idadi" yake ni saa. Wastani = umbali wote ÷ muda wote. Hakuna kanuni nyingine, na kujumlisha mwendo wa kwenda na wa kurudi kisha kugawanya kwa mbili si kanuni.

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Dereva anakwenda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya msongamano, na kurudi kwa 60. Kwenda kunamchukua saa 2, kurudi saa 1 na dakika 20, yaani saa 4/3. Jumla ni kilomita 160 kwa saa 10/3:

160 ÷ (10/3) = 48

Si 50. Ametumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo mwendo mdogo una uzito zaidi.

Na sasa swali linalofundisha zaidi. Dereva huyo amekwenda kwa 40. Arudi kwa mwendo gani ili wastani wa safari nzima uwe 60? Tuseme v ni mwendo wa kurudi. Muda wote unaotakiwa ni 160 ÷ 60 = saa 8/3. Ameshatumia 2.

2 + 80/v = 8/3
80/v = 2/3
v = 120

Kilomita 120 kwa saa kwenye barabara inayopita msitu wa Mabira na katikati ya mji wa Mukono! Hesabu imekubali, lakini hakuna abiria atakayekubali, na ukiandika sentensi hiyo kwenye jibu lako umeonyesha kwamba umeelewa. Kama angetaka wastani wa 80? Muda wote ungekuwa 160 ÷ 80 = saa 2, na saa 2 zote zimekwisha kabla hajageuza gari Jinja. Hakuna mwendo duniani unaoweza kumsaidia. Mwanafunzi akielewa mfano huu vizuri, hajumlishi tena mwendo na mwendo.

## Asilimia: ya nini?

Sasa upande wa pili. Kiasi kikipanda kwa asilimia r, kiasi kipya ni cha zamani kuzidisha kwa (1 + r/100). Kikishuka, ni kuzidisha kwa (1 − r/100). Hicho ndicho kizidishi. Kupanda kwa 12% ni kuzidisha kwa 1.12. Kushuka kwa 15% ni kuzidisha kwa 0.85. Zoea kuandika kizidishi mara tu unapoona asilimia, hata kabla ya kumaliza kusoma sentensi. Na ukitaka kupata asilimia yenyewe kutoka kwenye viasi viwili:

badiliko la asilimia = (kipya − cha zamani) ÷ cha zamani × 100

Anayegawanya ni wa zamani daima. Hapo ndipo penye swali "ya nini?"

Ushuru wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nchini Uganda ni 18%. Duka linauza friji kwa shilingi 590,000, VAT ikiwa ndani. Bei kabla ya VAT ni ngapi? Wanafunzi wengi hutafuta 18% ya 590,000, wanapata 106,200, wanatoa, na kuandika 483,800. Kosa liko wapi? Ile 18% haikutozwa kwenye 590,000. Ilitozwa kwenye bei ya kabla, ambayo hatuijui. Kwa hiyo ipe herufi: p ni bei kabla ya VAT, kwa shilingi.

1.18p = 590,000
p = 590,000 ÷ 1.18 = 500,000

Hakiki: 18% ya 500,000 ni 90,000, jumla 590,000. Jaribu lile jibu la kwanza: 483,800 × 1.18 = 570,884. Haifiki. Kanuni ya kushika hapa ni fupi: kwenda mbele unazidisha kwa kizidishi, kurudi nyuma unagawanya kwa kizidishi hichohicho. Huwezi kurudi nyuma kwa kutoa asilimia ileile.

Ndiyo maana pia bei ikipanda kwa 20% kisha ikashuka kwa 20% hairudi ilipokuwa. 1.20 × 0.80 = 0.96, umepoteza 4%, kwa sababu kushuka kumehesabiwa kwenye bei kubwa zaidi. Na bei ya kahawa ya kiboko (iliyokaushwa bila kukobolewa) ikishuka kwa 20%, inahitaji kupanda kwa asilimia ngapi ili irudi? Tuseme kizidishi cha kurudi ni k:

0.80 × k = 1
k = 1.25

Inahitaji kupanda kwa 25%. Tazama kwamba bei ya kiboko haikutajwa wala haikuhitajika. Maswali ya aina hii huwatisha wanafunzi kwa kukosa namba, na dawa yake ni vizidishi peke yake; au, ukipenda, chukua bei ya 100 ya kujitungia na uone inakwenda wapi.

Vizidishi vinaweza pia kukutana vya vitu viwili tofauti. Mama anayeuza matoke Busia anapandisha bei ya mkungu kwa 20%, na wateja wanapungua hivi kwamba mikungu anayouza inashuka kwa 15%. Mapato yake yamebadilikaje? Jibu la haraka ni "yamepanda kwa 5%", yaani 20 toa 15. Lakini mapato ni bei mara idadi, kwa hiyo vizidishi vinazidishana: 1.20 × 0.85 = 1.02. Mapato yamepanda kwa 2% tu. Asilimia za vitu tofauti hazitolewi wala hazijumlishwi.

Badiliko likirudiwa, unapata kipeo. Bei ya kilo ilikuwa 4,000, ikapanda kwa asilimia ileile miaka miwili mfululizo, ikafika 5,760. Ilipanda kwa asilimia ngapi kila mwaka? Kizidishi k kimetumika mara mbili:

4,000 × k × k = 5,760
k² = 1.44
k = 1.2

Yaani 20% kwa mwaka. Mwenye haraka anaona ongezeko la jumla ni 44%, anagawanya kwa 2, anapata 22%. Hakiki jibu lake: 4,000 × 1.22 × 1.22 = 5,953.6. Limezidi. (Kipeuo cha pili cha 1.44 ni pia −1.2, lakini bei haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo tunaliacha. Taja sababu hiyo kwenye karatasi.)

Jambo moja fupi kuhusu pointi za asilimia. Mwaka 2005 VAT ya Uganda ilipandishwa kutoka 17% hadi 18%. Kiwango kimepanda kwa pointi moja ya asilimia. Lakini ushuru wenyewe, kwa bidhaa ileile, umepanda kwa 1 ÷ 17, karibu 5.9%. Kauli zote mbili ni kweli. Swali litakuambia linataka ipi, ukilisoma polepole.

## Wastani wa ukuaji: sensa tatu za Uganda

Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu wastani na asilimia zinakutana kwenye namba zinazotuhusu sote. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 24.2. Ya 2014 ilihesabu milioni 34.6. Ya 2024 ilihesabu milioni 45.9.

Kati ya 2002 na 2014: (34.6 − 24.2) ÷ 24.2 = 0.43, yaani ongezeko la karibu 43%. Kati ya 2014 na 2024: (45.9 − 34.6) ÷ 34.6 = 0.327, karibu 32.7%. Je, ukuaji umepungua kutoka 43 hadi 32.7? Usijibu bado. Kipindi cha kwanza kina miaka 12, cha pili kina miaka 10. Na ukiangalia watu badala ya asilimia, kipindi cha pili kimeongeza watu wengi zaidi, milioni 11.3 dhidi ya 10.4, kwa miaka michache zaidi. Ili kulinganisha kwa haki tunahitaji wastani wa kila mwaka.

Hapa kugawanya 32.7 kwa 10 kunatupa 3.27%, na si sahihi, kwa sababu ileile ya bei iliyopanda mara mbili: kila mwaka ukuaji unahesabiwa juu ya watu walioongezeka mwaka uliotangulia. Tunachotafuta ni kizidishi k kinachotumika mara 10:

34.6 × k¹⁰ = 45.9
k¹⁰ = 1.3266
k ≈ 1.029

Yaani karibu 2.9% kwa mwaka. Kwa kipindi cha kwanza, k¹² = 1.43, na k ni takriban 1.030, yaani 3.0%. Kwa hiyo kasi imepungua kidogo sana, wala si kama zile 43 na 32.7 zilivyoonyesha. Kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo kinatosha kwa kazi hii. Kama huna, jaribu: 1.03 kwa kipeo cha 10 ni karibu 1.344, imezidi, 1.029 kwa kipeo cha 10 ni karibu 1.331, 1.028 ni karibu 1.318. Umeshalizingira jibu.

## Maswali yanayochanganya yote mawili

Kikundi cha akiba kina wanawake 8, wastani wa akiba yao kwa wiki ni shilingi 45,000. Mmoja wao anaongeza akiba yake kwa 40%, wengine hawabadilishi, na wastani wa kikundi unafika 48,000. Alikuwa akiweka ngapi?

Tuseme a ni akiba yake ya wiki kabla ya kuongeza. Wastani umepanda kwa 3,000, kwa watu 8, kwa hiyo jumla imepanda kwa 24,000. Upande wa pili, jumla imepanda kwa sababu ya mtu mmoja tu, kwa kiasi cha 0.40a.

0.40a = 24,000
a = 60,000

Jumla ya zamani 360,000, mpya 384,000, gawanya kwa 8, ni 48,000. Imekaa. Mtego wa swali ni kuchukua 40% ya 45,000. Hakuna aliyesema kwamba mama huyo anaweka kiasi cha wastani.

Swali la pili, la mkulima wa Masaka. Aliuza kilo 200 za kiboko kwa shilingi 5,000 kila kilo. Bei ikapanda kwa 12%, akauza zilizobaki. Kwa wastani kila kilo ilimpatia 5,360. Zilizobaki zilikuwa kilo ngapi? Bei mpya ni 5,000 × 1.12 = 5,600. Tuseme n ni kilo zilizouzwa baada ya kupanda. Fedha zote, kwa njia mbili:

200 × 5,000 + 5,600n = 5,360(200 + n)
1,000,000 + 5,600n = 1,072,000 + 5,360n
240n = 72,000
n = 300

Na la mwisho nawaandikia hata wazazi. Darasa lina wanafunzi 40, wastani ni 50. Wanafunzi 8, ambao wastani wao ni 30, wanahamishwa shule kabla ya mtihani. Wastani wa darasa umebadilika kwa asilimia ngapi? Jumla ilikuwa 2,000. Imetoka 8 × 30 = 240, imebaki 1,760 kwa wanafunzi 32. Wastani mpya ni 55. Badiliko ni 5 ÷ 50, yaani 10%.

Wastani umepanda kwa 10%, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza alama moja. Shule ikitangaza kwamba wastani wake umepanda, mzazi ana haki ya kuuliza idadi ya watahiniwa mwaka jana na mwaka huu. Hili si jambo la darasani tu. Wale watoto 8 wapo mahali fulani, na alama zao bado ni zilezile.

## Jaribu mwenyewe

Fanya haya kwa kalamu kabla ya kusoma majibu. Kwa kila moja andika herufi inasimamia nini na kipimo chake.

1. Kijana wa boda boda amepata wastani wa shilingi 35,000 kwa siku kwa siku 6. Anataka wastani wa siku 7 uwe 37,000. Apate ngapi siku ya saba?

2. Bei ya kilo ya samaki aina ya sato imeshuka kwa 15% na sasa ni 13,600. Ilikuwa ngapi?

3. Wastani wa umri wa wachezaji 12 ni miaka 31. Wanajiunga wawili wapya na wastani unashuka hadi 30. Wastani wa umri wa hao wawili ni upi?

4. Muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) anapandisha bei kwa 50%, na rolex anazouza kwa siku zinapungua kwa 30%. Mapato yake yamebadilika kwa asilimia ngapi?

Majibu. La kwanza: jumla inayotakiwa ni 259,000, aliyonayo ni 210,000, kwa hiyo 49,000. La pili: 0.85b = 13,600, b = 16,000; ukipata 15,640 umeongeza 15% kwenye bei mpya badala ya kugawanya kwa 0.85. La tatu: jumla mpya ni 420, ya zamani 372, tofauti 48 ni ya watu wawili, wastani wao ni miaka 24. La nne: 1.5 × 0.7 = 1.05, yamepanda kwa 5%. Aliyeandika 20% arudi kwa mama wa matoke wa Busia.